JINSI BOOKER WASHINGTON ALIVYOIPATA ELIMU YAKE

Booker T. Washington alizaliwa mtumwa huko Virginia, Marekani, mwaka 1856. Mama yake alikuwa mpishi wa shamba, na wanawe walilala chini juu ya matambara. Watumwa walipopata uhuru mwaka 1865, jamaa hii ilihamia Malden, West Virginia, na Booker, angali mtoto, akatiwa kazini katika matanuri ya chumvi. Shule ilipofunguliwa, baba yake wa kambo hakutaka kuukosa ujira wake. Ikawa afanye kazi tangu alfajiri hadi saa tatu, ndipo aende darasani, na baada ya masomo arudi kazini.

Je, mtoto wa namna hii alipataje kuhitimu chuo? Wengi hujibu, "Kwa bidii." Ni kweli, lakini bidii haikuwa peke yake.

Kwanza, alipata habari. Akiwa mgodini aliwasikia wachimbaji wawili wakiitaja shule ya Hampton, ambako maskini waliweza kulipa kwa kazi ya mikono.

Pili, alipata watu. Mama yake, asiyejua kusoma, alikuwa amemtafutia kitabu cha herufi. Mwaka 1872, alipofunga safari ya maili kama 500, wazee waliokuwa watumwa zamani walimpa senti na leso. Fedha zikamwishia njiani. Mjini Richmond alilala nje, akapakua shehena melini apate chakula. Alifika Hampton na senti 50 tu.

Tatu, alipata kazi. Mwalimu Mary Mackie alimwamuru afagie chumba. Alikifagia mara tatu, akakipangusa mara nne. Mwalimu akapitisha leso mezani, asione vumbi, akampokea awe mtunza vyumba. Kwanza kazi hiyo ililipa sehemu tu ya chakula chake. Alipoonekana kuwa hodari mno, ikalipa chote. Ada, dola 70 kwa mwaka, ililipwa na mfadhili. Alihitimu mwaka 1875.

Mwaka 1881 alianza kuongoza chuo kipya cha Tuskegee, Alabama, chenye wanafunzi 30. Huko nako maskini walilipa kwa kazi, hata kufyatua matofali ya majengo yao.

Basi, mwenzetu aliyepungukiwa asione haya kumweleza mwalimu wake, wala asiache shule kimya kimya. Na sisi tusiopungukiwa tusimcheke. Mkono mmoja haulei mwana.