Usiizike Skana Kabla ya Kuipima

Kompyuta ya mezani inapotangaza kwamba haioni skana, watu wengi huona kifaa kimekufa na kuanza kuulizia bei ya kingine. Hukumu hiyo hutolewa mapema mno. Kati ya kioo cha skana na programu inayohifadhi picha kuna safari ndefu: umeme, waya, tundu la USB, draiva, kisha programu yenyewe. Popote safari inapokatika, mtumiaji huletewa ujumbe uleule. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, kompyuta haijui kabisa kwamba kuna kitu kimechomekwa, au inajua ila haina lugha ya kuzungumza nacho?

Jibu hupatikana bila bisibisi. Kwenye Windows, fungua Device Manager, ikodolee macho orodha, kisha chomoa waya wa skana na uuchomeke tena. Mstari ukitoweka na kurudi ukiwa na jina la skana, hata kama una alama ya njano ya mshangao, basi umeme na data vinapita, na dawa itafutwe kwenye draiva. Orodha isipotikisika hata kidogo, au ikionyesha kifaa kisichojulikana kilichoshindwa kujitambulisha, shuku kwanza waya na tundu. Kusakinisha draiva mara tano katika hali hiyo ni kumpa dawa asiye mgonjwa. Wa Linux wataipata habari hiyohiyo kwa amri ya lsusb.

Mtu atauliza: mbona taa ya skana inawaka? Waya wa USB 2.0 una nyuzi nne, mbili za umeme na mbili za data. Taa huridhika na zile mbili za umeme, hivyo uzi mmoja wa data ukikatika ndani ya ganda, skana itang'aa huku kompyuta haina habari. Tena skana nyembamba kama CanoScan LiDE hazina adapta. Hunywa umeme wa tundu lenyewe, ambalo kwa USB 2.0 hutoa hadi miliampea 500. Ukizipitisha kwenye kigawanyio kisicho na umeme wake, pamoja na kipanya, kibodi na flashi, zitapungukiwa. Chomeka moja kwa moja nyuma ya kompyuta, kwenye matundu yaliyoshikamana na ubao mama, kwa kuwa yale ya mbele hufikiwa kwa kebo ya ndani inayoweza kulegea. Azima waya mwingine mfupi pia; ndicho kipuri cha bei ndogo kuliko vyote.

Upande wa draiva ndiko skana nzima nyingi hutupwa. Draiva iliyoandikwa kwa Windows ya biti 32 haipakiki kwenye Windows ya biti 64, na Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, ni ya biti 64 pekee. Mtengenezaji akiacha kuandika draiva mpya, skana hubaki bubu ingawa taa yake, kioo chake na injini yake ni vizima. Hapo bado kuna njia: VueScan, programu ya kulipia, hubeba draiva zake yenyewe kwa skana nyingi za zamani, na mradi wa SANE kwenye Linux bado unaisoma hata CanoScan LiDE 20.

Wengine husema simu imemaliza kazi ya skana. Kwa risiti, sawa. Lakini cheti cha kuzaliwa kilichokunjwa miaka mingi au picha pekee ya marehemu bibi huhitaji kioo kinachoilaza karatasi na mwanga unaopita sawasawa kutoka pembe hadi pembe. Simu huongeza kivuli cha mkono na kupinda kingo. Basi kabla ya kulipia skana mpya, ipeleke ya zamani kwenye kompyuta nyingine, na waya mwingine. Ikikaa kimya na huko, hapo ndipo iitwe mbovu.