Utangulizi: Ajali na Kinga Yake

Kila msiba wa kazini unapotokea, hakosi mzee wa kutikisa kichwa na kusema: "Ajali haina kinga." Methali hiyo huwatuliza wafiwa, nami naiheshimu. Lakini historia ya usalama kazini, somo tunalolifungua hapa, huanzia pale methali inapoishia.

Tuanze na mkono wa mfanyakazi. Katika reli za Marekani za karne ya 19, mabehewa yaliunganishwa kwa pete na pini ya chuma. Mtu alisimama katikati ya mabehewa mawili, moja likimjia, akaelekeza pete kwa mkono na kudumbukiza pini. Aliyechelewa kutoa mkono alipoteza vidole. Aliyeteleza alibanwa akafa. Mwaka 1873 Eli Janney alisajili uvumbuzi wake wa kiungo kinachojifunga chenyewe. Sheria ya kuyalazimisha makampuni yatumie viungo vya namna hiyo, pamoja na breki za hewa, ilipitishwa 1893. Miaka 20 nzima kinga ilikuwapo, na wengi wa wenye reli hawakutaka kuigharamia.

Sasa tuje kwetu Kongo. Reli ya Matadi hadi Léopoldville ilijengwa kati ya 1890 na 1898. Kwa hesabu rasmi, walikufa Wazungu 132 na Waafrika 1,800. Zitazame vizuri namba hizo. Ya kwanza imehesabiwa mtu kwa mtu. Ya pili imetajwa kwa mkupuo. Hata kabla ya kuuliza waliuawa na nini, tumekwisha kujua ni kifo cha nani kilichoandikwa kwa makini.

Hapa Bukavu reli haikufika. Ile iliyotoka Uvira iliishia Kamanyola, chini ya milima ya Ngomo, na mizigo ikapandishwa kwa malori. Maswali ya reli, hata hivyo, yanatuhusu. Kampuni ya MGL, iliyochimba dhahabu ya Kamituga enzi za ukoloni, ilizaliwa mwaka 1923 na kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, CFL. Na ni Kamituga hiyohiyo ambako, Septemba 2020, mvua kubwa ilifurika mashimoni, watu wapatao 50 wakahofiwa kufa. Mwanafunzi wa somo hili hulia na wafiwa, kisha huuliza: Maji ya mvua yalichimbiwa mfereji? Nani alikuwa na mamlaka ya kuwazuia watu wasishuke siku ya mvua? Mdomoni mwa shimo palikuwa na daftari la majina ya walioingia?

Usiishie kwenye kurasa hizi, ndugu yangu. Nenda Kamanyola ukawasikilize wazee wanaoikumbuka reli. Nenda Kamituga ukakae na wajane. Chukua daftari, na uandike majina ya waliokufa, mmoja mmoja.