Bagamoyo Katika Muziki wa Michezo ya Kompyuta

Wimbo "Baba Yetu" wa maneno ya Kiswahili, alioutunga Christopher Tin wa Marekani kwa ajili ya mchezo wa Civilization IV wa mwaka 2005, ulitunukiwa Grammy mwaka 2011, muziki wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kupata taadhima hiyo. Lakini atakayetaka kuusawiri mji wa bandari wa Bagamoyo wa karne ya 19 katika mchezo kama huo, kwaya pekee, kama ya wimbo huo, haimtoshi: hana budi kulitafuta zumari la pwani, lenye sauti kali, na, kwa kuwa njia ya misafara ilipita Ugogo, zeze na ilimba, ala za Wagogo alizozivumisha duniani marehemu Hukwe Zawose, aliyekuwa mwalimu wa Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo. Tena, kwa kuwa mchezaji huenda akakawia bandarini atakavyo, muziki hutungwa kwa matabaka, ngoma zikizidi pindi wapagazi waingiapo mjini.