Bomba la Titani: Jinsi ya Kulitambua katika Baiskeli ya Zamani

Katika nchi za Ulaya na Marekani ziko baiskeli za mbio zenye umri wa miaka thelathini au arobaini ambazo fremu zake hazikupakwa rangi kamwe, wala hazikushikwa na kutu hata kidogo. Ni za kijivu chenye giza, na ukizipangusa kwa kitambaa zaonekana kana kwamba zimetoka kiwandani jana. Hizo ndizo baiskeli za titani. Zilipokuwa mpya ziliwagharimu watu fedha nyingi. Leo huuzwa tena na tena, toka mkono hata mkono, na kila muuzaji huzisimulia apendavyo. Huyu asema mabomba yake yametoka katika kiwanda fulani chenye sifa; yule asema ni ya titani bora kupita zote. Karatasi iliyobandikwa kwenye bomba yasema hivyo, basi yatosha!

Haitoshi, ndugu msomaji. Karatasi hubanduka na nyingine hubandikwa. Tena jina lililoandikwa si lazima liwe la yule aliyeitengeneza fremu. Katika miaka ya 1990 Wabelgiji waliweza kununua fremu ya titani yenye jina la bingwa wao Eddy Merckx, na kumbe fremu hiyo ilikuwa imelehemiwa ng'ambo ya bahari, katika jimbo la Tennessee, na watu wa Litespeed. Hapakuwa na udanganyifu wowote. Ndiyo desturi ya biashara. Lakini yatuonyesha kwamba anayetaka kulijua bomba hana budi kuliuliza bomba lenyewe.

Je, kwa nini kujisumbua? Kwa sababu siku moja fremu itapata ufa. Baiskeli ya chuma ikivunjika, fundi wetu wa kando ya njia huwasha gesi yake, huyeyusha shaba ya njano, na kabla ya jua kutua mwenyewe amekwisha kurudi nyumbani na mzigo wake. Titani haikubali hivyo. Ikiwa ya moto huinywa hewa tunayovuta, oksijeni na nitrojeni pamoja, ikawa ngumu na yenye kukatika kama kioo. Ni lazima fundi aifunike kwa hewa nyingine iitwayo argoni, nje ya bomba na ndani yake pia, mpaka ipoe. Kazi ikiwa safi, kiungo hung'aa kama fedha, au huwa na unjano hafifu wa majani makavu. Kikiwa cha buluu, fundi mwangalifu hukitilia shaka. Kikiwa na unga mweupe, kimeharibika. Tena fundi huyo hawezi kuchagua waya wa kulehemia kabla ya kujua ni titani ya namna gani iliyo mbele yake.

Namna zenyewe si nyingi. Ya kwanza ni titani tupu, isiyochanganywa na madini mengine kwa makusudi. Hiyo ndiyo iliyotumiwa na kampuni ya Teledyne ya Marekani ilipotengeneza baiskeli yake, Titan, katika miaka ya 1970. Wakati uleule Waingereza wa Speedwell walikuwa na fremu yao ya titani, na Mhispania Luis Ocaña aliipanda katika baadhi ya hatua za Tour de France ya mwaka 1973, ambayo aliishinda. Watu wakastaajabia wepesi wake. Lakini titani tupu haina nguvu nyingi, na fremu nyingi za Titan zilipasuka. Mwenye kuipata leo aitundike ukutani aitazame. Ndivyo tuonavyo sisi.

Namna ya pili ndiyo iliyoenea kupita zote. Huandikwa 3Al-2.5V, maana yake ndani yake mna alumini asilimia 3 na vanadi asilimia 2.5, na iliyobaki ni titani. Haikubuniwa kwa ajili ya baiskeli. Wajenzi wa ndege walihitaji mabomba mepesi ya kupitishia mafuta yenye mgandamizo mkubwa, na mchanganyiko huu hukubali kuvutwa uwe bomba refu lisilo na mshono. Likisha kuvutwa likiwa baridi, nguvu yake hupita ile ya titani tupu zaidi ya mara mbili. Mabomba ya aina hiyo yalitengenezwa, pamoja na mahali pengine, na Sandvik katika mji wa Kennewick, Marekani. Merlin wa Massachusetts na Litespeed wa Tennessee, walioanza wote wawili katika miaka ya 1980, walijenga sifa yao juu ya bomba hilo. Basi ukiona fremu ya titani ya Marekani ya miaka ya 1990 na hujui lolote juu yake, dhani kwanza ni hiyo.

Namna ya tatu, 6Al-4V, ni ngumu zaidi, na ndiyo ambayo wauzaji hupenda kuitaja. Ugumu wake ndio ulioleta taabu: haikukubali kwa urahisi kuvutwa uwe bomba. Kwa hiyo Litespeed, kwa fremu zao za bei kubwa kama Vortex, walichukua bamba la madini hayo, wakalikunja, wakalehemu kingo zake. Hapo mnunuzi amepewa ushahidi wa bure. Atoe bomba dogo linalobeba kiti, ashushe taa nyembamba ndani, atazame kama uko mstari ulionyooka toka juu hata chini. Mshono ukionekana, maneno ya muuzaji yamepata nguvu. Usipoonekana, asimwite mwongo upesi, kwa maana baadaye mabomba ya 6Al-4V yasiyo na mshono yalipatikana pia. Lakini kwa fremu ya miaka ya 1990 ana haki ya kuuliza.

Fremu za Urusi zina njia yake. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, ujuzi wa titani uliotumika katika ndege na manowari ulitafuta kazi nyingine, na fremu za baiskeli zikauzwa nje kwa bei nafuu. Warusi wana michanganyiko yao wenyewe. Mmoja wa mabomba, PT-7M, una alumini na zirkoni, wala hauna vanadi. Anayetafuta 3Al-2.5V humo atatafuta bure.

Sasa tuje kwenye vipimo. Sumaku hainasi titani. Lakini hainasi alumini pia, basi hiyo ni hatua ya kwanza tu ya kuondoa chuma cha kawaida. Mizani nayo hudanganya. Ni kweli kwamba sentimita moja ya mchemraba ya titani ina uzito wa gramu 4.5 na ya chuma karibu 7.9, lakini kati ya namna tatu za titani tofauti haifiki hata sehemu mbili katika mia. Yeyote anayekuambia ameitambua 6Al-4V kwa kuinyanyua kwa mkono, mwache aendelee kunyanyua.

Kipimo cha unene hufaa zaidi. Mabomba ya Marekani hufuata inchi: milimita 28.6, 31.8, 34.9. Pima upana wa nje wa bomba la kiti, halafu upana wa tundu lake, toa, gawanya kwa mbili. Nje 28.6 na ndani 26.8 huleta ukuta wa 0.9, ambao ni unene wa kawaida sana. Hata hivyo angalia usidanganywe na kipande kilichotiwa ndani ili kupunguza tundu, wala na tundu lililochongwa kuongezwa. Kosa la hapo si dogo: bomba la kiti jembamba kwa sehemu mbili za kumi ya milimita hucheza, na kucheza huko hupasua ukingo. Na kama bomba hilo ni la alumini, lisilopakwa grisi kwa miaka, huenda limekwisha kushikana na titani. Usilipige nyundo.

Watengenezaji walipotaka wepesi zaidi, walipunguza ukuta katikati ya bomba na kuacha miisho minene, palipo viungo. Jambo hilo halionekani kwa macho ikiwa lilifanywa kwa ndani. Chombo kidogo kinachotuma sauti ndani ya madini na kuusikiliza mwangwi wake huonyesha unene bila kutoboa. Apimaye aendelee sentimita mbili mbili toka kiungo hata kiungo, na tarakimu zitamwambia ukuta unapoanza kupungua.

Namna ya madini yenyewe hujulikana kwa hakika kwa mashine ya mkononi itumiayo mionzi ya eksirei. Wanunuzi wengi wakubwa wa vyuma chakavu wanayo. Huielekeza kwenye bomba lisilo na rangi, na kwa sekunde chache husoma: vanadi karibu 2.5, au karibu 4, au hapana kabisa, au zirkoni mahali pake. Haiachi alama yoyote. Mwenye baiskeli aombe ipimwe kila bomba, si moja tu, kwa maana wako waliochanganya namna mbili katika fremu moja. Kisha aandike tarakimu hizo kwenye karatasi pamoja na unene alioupima, aihifadhi, na siku ufa utakapotokea ampelekee fundi wa argoni fremu na karatasi pamoja.