"Utamaduni wetu": wetu ni nani?

1/ Kila msimu wa siasa hapa Mombasa utasikia: "Tutalinda utamaduni wetu!" Makofi yanapigwa. Lakini ugomvi wote uko kwa hilo neno "wetu". Uzi mfupi, bila kumtaja mtu wala chama.

2/ Tuanze hapahapa Nyali. Ile kengele iliyopa Kengeleni jina lake ni ya Frere Town, makazi ya watumwa walioachwa huru, yaliyoanzishwa na wamishonari wa CMS mwaka 1875.

3/ Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakonde na wengineo. Baadhi walipelekwa kwanza India, wakasomea Nasik, ndipo wakarudishwa Afrika. Wakaishi pamoja, na Kiswahili kikawa lugha yao.

4/ Mwaka 1934 mtoto wa jamii hiyo, James Juma Mbotela, akatoa Uhuru wa Watumwa, kati ya vitabu vya kwanza vya hadithi vya Kiswahili vilivyoandikwa na Mkenya. Sasa huyu ni wetu ama ni "wa kuja"? Ukimtoa, ni sisi tunaopungukiwa.

5/ Wanaosema "wenyeji kwanza" nao wana hoja, tusiwapuuze. Kimvita hakifundishwi darasani. Kinachofundishwa ni Kiswahili sanifu, chenye msingi wa Kiunguja. Kaya za Wamijikenda ziliingia Urithi wa Dunia 2008, na mwaka uliofuata UNESCO ikaziweka mila zake kwa orodha ya zinazohitaji kulindwa haraka. Hofu ya kupotea si maneno ya jukwaani tu.

6/ Katiba ya 2010 inasemaje? Kifungu cha 44: kila mtu ana haki ya kutumia lugha yake na kushiriki utamaduni wake. Pia hakuna ruhusa ya kumlazimisha mwenzako afuate mila. Kwa hivyo kumlinda mmoja si lazima kumfukuze mwingine.

7/ Pesa je? Jedwali la Nne linaipa kaunti maktaba, makumbusho na shughuli za kitamaduni. Kwa hivyo usikubali mgombea wa kaunti akwambie "hiyo ni kazi ya Nairobi".

8/ Muulize hivi: Kamati ya tamasha ina nani? Maktaba itanunua vitabu vya nani? Mzee wa kaya ametengewa nini, na Kengeleni je?

9/ Akikujibu kwa mitaa na shilingi, msikilize. Akirudia "wetu, wetu" tu, muulize tena: wetu, nani na nani?