Kumchagulia Mtoto Mdogo Kishikwambi

Siku hizi neno kishikwambi si geni hapa Mungaa. Wengi wetu tulikiona mikononi mwa makarani wa Sensa ya mwaka 2022, na baada ya kazi ile vishikwambi viligawiwa walimu. Basi wazazi wengine huuliza: Je, yafaa kumnunulia mtoto mdogo chombo hiki ili ajifunze kusoma? Nataka kujibu swali hilo, maana limekwisha kuingia nyumbani kwetu.

Mwaka jana baba yangu aliuza mbuzi wawili akamnunulia mdogo wangu, mwenye miaka sita, kishikwambi kipya. Kilikuwa kizuri kwa macho. Lakini masomo yaliyokuwamo yalikuwa ya Kiingereza, na kila somo lilidai intaneti. Bando likiisha, na somo limekwisha. Baada ya majuma mawili mtoto alikuwa akitazama katuni tu. Mbuzi wamekwenda, na kusoma hajui. Tulinunua chombo bila kuuliza somo lililomo.

Yafaa tujue yaliyofanyika mkoani Tanga. Kuanzia mwisho wa mwaka 2017 hadi mwanzo wa mwaka 2019, watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi ili wajifundishe wenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu. Hayo yalikuwa mashindano ya watengenezaji wa programu yaliyoitwa Global Learning XPRIZE. Masomo yalikuwa kwa Kiswahili, hayakuhitaji intaneti, na vishikwambi vilichajiwa kwa umeme wa jua. Kabla ya kuanza, zaidi ya watoto 9 katika kila 10 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 programu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi ya dola milioni 10, na programu zote tano zilizofika mwisho ziliachwa wazi kwa watu wote.

Hapo twapata mafunzo mawili. Kwanza, chombo chaweza kufundisha, ikiwa somo ni la lugha aijuayo mtoto. Pili, watoto wengi walibaki hawajui kusoma hata baada ya muda ule wote. Basi chombo peke yake hakitoshi.

Kwa hiyo, mzazi, kabla hujatoa fedha, fanya haya:

1. Tafuta somo kwanza. Liwe la Kiswahili, lianze na sauti za herufi, kisha silabi, kisha maneno, na limrudishe mtoto nyuma akikosea.

2. Ukiwa dukani, mwombe muuzaji aweke somo hilo, kisha zimeni intaneti. Likikataa kufunguka, usinunue.

3. Uliza betri hudumu saa ngapi, na kama nyumbani unaweza kuichaji kila siku.

4. Nunua na jalada la mpira, kwani mkono wa mtoto huteleza.

5. Weka namba ya siri, ili mtoto asifungue mambo asiyopaswa kuyaona.

Tena kuna jambo la kiasi. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 hadi 4 asikae mbele ya kioo zaidi ya saa moja kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora. Mtoto wa chini ya miaka 2 hana haja nacho kabisa. Mtoto hukua kwa kucheza, kusimuliwa hadithi na kulala vya kutosha.

Na kama fedha hakuna, msihuzunike. Kitabu cha darasa la kwanza, ubao mdogo na chaki, na kaka au dada wa kukaa naye nusu saa jioni, ni shule nzuri.

Sisi nyumbani tulimwomba mwalimu mmoja atusaidie kuweka programu ya Kiswahili. Sasa kila jioni nakaa na mdogo wangu, yeye anasoma nami nasikiliza, kisha tunaandika maneno yale yale kwenye daftari. Juma lililopita alisoma neno zima bila msaada. Neno lenyewe lilikuwa "mbuzi". Baba alicheka sana, akasema, "Haya, sasa naona wanaanza kurudi."

Wanafunzi wenzangu, tunapokwenda likizo tukumbuke wadogo zetu. Chombo chaweza kununuliwa dukani, lakini mtu wa kukaa na mtoto hutoka nyumbani, na mtu huyo ni wewe.