Kompyuta Ipo, Mbona Bado Tunakuitisha Risiti?

Wakazi wengi wanaofika kwenye kaunta ya kodi ya ardhi huuliza: ikiwa malipo yote yamo kwenye kompyuta, risiti ni ya nini? Tulimpelekea swali hilo fundi wa kompyuta aliyeanza kazi wakati ofisi nzima ilikuwa na mashine moja tu, tena ikifunikwa kitambaa kila jioni.

Mwanzoni hakuiamini kompyuta hata kidogo, na alikuwa na sababu. Kumbukumbu zilikaa kwenye diski laini za megabaiti 1.44, ambazo vumbi au sumaku iliweza kuziharibu. Stima ikipotea, kazi ambayo haijahifadhiwa ilipotea nayo. Kisha ukaja wasiwasi wa mwaka 2000: programu nyingi ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili, hivyo 00 ingeweza kusomwa kama 1900. Zilirekebishwa, mwaka ukaingia bila balaa kubwa, na fundi akaanza kuiamini mashine. Pengine kupita kiasi, maana aliwaambia makarani kwamba kompyuta haikosei.

Kilichomrudisha nyuma ni habari za Uingereza. Huko, kati ya 1999 na 2015, wasimamizi wa posta ndogo zaidi ya 900 walipatikana na hatia, wengi kwa sababu programu iitwayo Horizon ilionyesha upungufu wa pesa ambao haukuwepo. Wengine walifungwa. Sheria ya huko ilichukulia kwamba kompyuta iko sawa hadi ithibitishwe vinginevyo, na mtu wa kawaida angethibitishaje? Mamia ya hukumu hizo zilifutwa kwa sheria mwaka 2024.

Kwenye kodi ya ardhi, kosa huwa dogo zaidi kuliko hilo. Tarakimu moja ya nambari ya ploti ikikosewa wakati wa kulipa, kompyuta itaandika pesa zako kwa jirani, bila kusita. Wewe utasomeka kama mdaiwa. Ukiona deni usilolitambua, leta risiti au ujumbe wa M-Pesa na uombe nambari ya ploti, tarehe na kiasi vilinganishwe na vilivyo kwenye mfumo, nawe ukiangalia.

Jambo moja zaidi: risiti nyingi za mashine ndogo huchapishwa kwa joto, na maandishi yake hufifia, hasa zikiachwa juani. Ipige picha au uitoe nakala siku hiyo hiyo.